Mazishi ya Amoy na vitabu vya kale: uchambuzi wa kisa cha J. J. M. de Groot

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha mwanazuoni wa Kiholanzi, Jan Jakob Maria de Groot (1854–1921), aliyeishi kwa vipindi viwili katika mji wa bandari wa Amoy, unaoitwa Xiamen leo, katika jimbo la Fujian, kusini-mashariki mwa China, akichunguza dini ya jadi ya watu wa pale. Yeye ni mtu wa historia na kazi zake zimechapishwa, kwa hiyo jina lake limetajwa wazi. Wengine waliomo, yaani familia zilizofiwa, wahudumu wa ibada, wachaguzi wa makaburi na wasaidizi waliomsomea maandishi, wanatajwa kwa nafasi zao tu. Wengi wao hata yeye mwenyewe hakuwataja, na suala hilo litajadiliwa mahali pake.

Sababu ya kukichagua ni kwamba De Groot aliona mengi na aliyaona vizuri kuliko Wazungu karibu wote wa wakati wake, lakini uamuzi mmoja wa mpangilio, alioufanya akiwa mezani na si uwandani, uligeuza maana ya karibu kila alichokiona. Kisa kama hiki kinamfaa yeyote anayekusanya habari za mila na ibada za watu, hasa watu wasio wake.

Usuli

De Groot hakupelekwa China kwa ajili ya dini. Katika karne ya 19 Uholanzi ilitawala visiwa ambavyo leo ni Indonesia, na kule waliishi Wachina wengi ambao asili yao ilikuwa Fujian. Serikali ya kikoloni ilihitaji wakalimani wa kuwahudumia maofisa na mahakama, kwa hiyo vijana walisomeshwa Kichina mjini Leiden, Uholanzi, chini ya profesa Gustaaf Schlegel, kisha wakapelekwa Amoy kukamilisha lugha ya Kihokkien, ambayo ndiyo iliyosemwa na Wachina wengi wa Java. De Groot alifika mwaka 1877, akiwa na umri wa miaka 23. Alilelewa Mkatoliki lakini alikuwa amekwisha kuliacha kanisa, na jambo hilo linaeleza kwa kiasi fulani kwa nini macho yake ya mwanzo hayakuwa ya mmisionari.

Amoy yenyewe ilikuwa moja ya bandari tano ambazo China ililazimika kuwafungulia wageni kwa Mkataba wa Nanjing wa 1842. Wazungu walipenda kukaa kisiwa cha Gulangyu, ng'ambo ya mkondo mwembamba wa bahari, na ilikuwa rahisi mtu kumaliza miaka kule akiwa hajui kinachofanyika katika nyumba za mjini.

Dini iliyokuwa ikifanyika katika nyumba hizo haikuwa na kanisa, wala orodha ya waumini, wala siku moja ya kusali. Kila nyumba ilikuwa na mahali pa wazee waliotangulia, na kila mtaa ulikuwa na hekalu la mungu wake. Palikuwa na watawa wa Kibuddha, wahudumu wa Kidao ambao kwa Kihokkien huitwa *sai kong*, na watu wanaopandwa na miungu, *tang-ki*, waliojitoboa mashavu kwa sindano au kupanda ngazi ya panga mbele ya umati. Juu ya hayo yote dola ilikuwa na ibada zake, zilizoongozwa na maofisa waliofaulu mitihani ya Kikonfusio. Familia iliyofiwa iliweza kuwaita watawa na *sai kong* katika msiba uleule bila kuona mgongano wowote. Vitabu vya Ulaya vilizoea kusema Wachina wana dini tatu, yaani ya Kikonfusio, ya Kibuddha na ya Kidao, na wamisionari waliyaita yasiyoingia katika hizo tatu ushirikina. Kwa mtu anayetazama kutoka uani kwa mfiwa, mgawanyo huo haukusaidia kitu.

Mtiririko wa matukio

Katika mwaka wake wa kwanza De Groot alifuata kalenda. Aliandika kinachofanyika siku ya tisa ya mwezi wa kwanza, Wahokkien wanapomwadhimisha Mfalme wa Mbinguni. Wakati wa Qingming, jamaa wanapofagia makaburi. Katika mwezi wa saba, vyakula vinapoandaliwa kwa mizimu isiyo na mtu wa kuitunza. Na mwisho wa mwaka, mungu wa jikoni anapoagwa ili apeleke ripoti ya nyumba huko juu, huku akipewa vitu vitamu kinywa chake kisije kikasema mabaya. Kutokana na maandishi hayo alitoa kitabu cha sikukuu kwa Kiholanzi kilichochapishwa Batavia, Jakarta ya leo, kati ya 1881 na 1883, na toleo la Kifaransa likatolewa mwaka 1886 na jumba la makumbusho lililoanzishwa na Émile Guimet.

Baina ya hapo alifanya kazi ya ukalimani Cirebon, katika kisiwa cha Java, kisha Pontianak katika kisiwa cha Borneo. Akiwa kule aliwafahamu Wachina wachimba dhahabu na vyama vyao vya kujitawala, makongsi, na mwaka 1885 alichapisha kitabu cha kuvitetea, akionyesha kwamba havikuwa magenge ya siri kama maofisa walivyodhani bali vilitokana na utaratibu wa vijiji vya nyumbani kwao. Kwa mtumishi wa serikali iliyokuwa imetoka kupigana na moja ya makongsi hayo, hiyo haikuwa kauli ndogo.

Aliporudi China mwaka 1886 hadi 1890 alikuwa na kazi tatu kwa mpigo. Alikuwa mtafiti anayelipwa na serikali. Alikuwa mkusanyaji wa sanamu za miungu na vyombo vya ibada kwa ajili ya makumbusho ya Ulaya. Na alikuwa msaidizi wa mipango ya kuwapeleka Wachina moja kwa moja kutoka bandari za kusini hadi mashamba ya tumbaku ya Deli, Sumatra, wakafanye kazi ya mkataba, yaani manamba kama tungewaita huku kwetu. Hati za safari ya manamba na daftari la ibada za maiti vilikaa mikononi mwa mtu mmoja, na ingawa hilo halionyeshi kwamba alichoandika ni uongo, msomaji anapaswa kulijua.

Ni katika kipindi hiki cha pili alipochunguza kwa kina mambo ya kifo, na pia maisha ya watawa wa Kibuddha katika monasteri kubwa ya mlima Gushan karibu na Fuzhou. Mwaka 1891 aliteuliwa profesa Leiden. Jalada la kwanza la kazi yake kuu kuhusu mfumo wa dini wa China lilitoka 1892, na la sita 1910. Kati ya hayo, mwaka 1903 na 1904, alitoa majalada mawili kuhusu madhehebu na mateso ya kidini nchini China. Mwaka 1912 alihamia Berlin, akafariki huko 1921.

Maamuzi aliyoyafanya na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa mahali pa kuanzia. De Groot aliona kwamba mtu hawezi kuielewa dini ya Wachina akianza na falsafa, akaanza na maiti. Majalada matatu ya kwanza yote yanahusu mtu anavyokufa, anavyooshwa, anavyovikwa, anavyowekwa katika jeneza na kuzikwa. Sababu yake ilikuwa ya busara: mazishi ndiyo mahali ambapo familia hutumia fedha nyingi, huita wahudumu wa kila aina, na huonyesha bila maelezo wanachoamini kuhusu roho.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa watu gani wa kuwatazama. Alisema wazi kwamba anaeleza zaidi desturi za familia zenye uwezo na heshima, kwanza kwa sababu hao ndio aliokuwa akitembea nao, na pili kwa sababu aliona wao ndio wanaozitimiza taratibu kwa ukamilifu. Tukumbuke hapa kwamba aliyekosa uwezo wa kununua jeneza la mbao nene alizikwa pia, na jamaa zake walikuwa na ibada zao.

Uamuzi wa tatu ndio kiini cha kisa. Aliporudi mezani, hakuandika mazishi ya Amoy kama tukio lenye mwanzo na mwisho, la nyumba fulani katika mwaka fulani. Kila tendo alilitenga, akalitafutia asili katika vitabu vya kale, hasa vile vya taratibu za ibada, Liji na Yili, akayanukuu maandishi hayo kwa Kichina na kuyatafsiri, kisha akashuka karne kwa karne mpaka kwake.

Mfano mmoja utatosha kuonyesha namna alivyofanya. Anaeleza kwamba mtu akikata roho, jamaa hulia kwa sauti kubwa na kumwita. Kisha anaonyesha kwamba kilio hicho si huzuni tu: Yili inaeleza mtu aliyepanda juu ya paa akiwa na vazi la marehemu, akaelekea kaskazini, akamwita arudi mara tatu, kisha akalitupa vazi chini likapokelewa na kufunikwa maiti. Kutoka hapo De Groot anajenga hoja pana, kwamba kumwosha maiti, kumwekea chakula na kumkawiza nyumbani kabla ya kumzika, yote yalitokana na tumaini kwamba roho inaweza kurudi mwilini. Jeneza la Amoy, lenye mbao nzito na maungio yaliyozibwa kwa utomvu wa vanishi ili liweze kukaa nyumbani hata miezi, linakuwa kwake ushahidi wa imani ya zamani sana.

Sababu za uamuzi huo hazikuwa za kipuuzi. Wazungu wataalamu wa lugha ya Kichina waliheshimu maandishi kuliko maneno ya wauzaji wa sokoni, na elimu ya binadamu ya wakati ule ilizitazama desturi kama mabaki ya hatua zilizopita za historia ya mwanadamu. Wachina wasomi wenyewe wangemuunga mkono kwa nusu, maana wao pia walidai kwamba taratibu sahihi ni zile za vitabu vya kale na kwamba yanayofanywa na watu wa kawaida ni upotofu wake.

Uamuzi wa nne haukutangazwa: alibadilisha sauti. Katika kitabu cha sikukuu alisifu uvumilivu wa Wachina katika mambo ya dini na kuwalaumu Wakristo kwa kukosa uvumilivu. Katika kazi kuu anaidhihaki fengshui, ile elimu ya kuchagua mahali pa kaburi, na kuiona kama mzaha wa sayansi. Majalada ya 1903 na 1904, yaliyofuata vurugu za Mabondia za mwaka 1900, yaani Wachina walioinuka dhidi ya wageni na Wakristo, aliyatunuku kwa wamisionari wa madhehebu yote ya Kikristo waliokuwa wakifanya kazi China, na humo dola ya China inashtakiwa kwa kutovumilia.

Matokeo

Mpango wa awali ulikuwa mpana zaidi, lakini kilichokamilika ni sehemu mbili za mwanzo tu, moja kuhusu kuwashughulikia wafu na nyingine kuhusu roho na ibada ya wazee waliotangulia, katika majalada sita yenye zaidi ya kurasa 2,500. Hakuna Mzungu aliyekuwa ameandika kwa kina kama hicho. Mwanasosholojia wa Kijerumani Max Weber aliitegemea sana kazi hii alipoandika kuhusu Ukonfusio na Udao, na kwa njia hiyo maneno ya De Groot yaliwafikia wasomaji ambao hawakuwahi kufungua jalada lake hata moja. Sanamu alizokusanya kwa Guimet ziko Lyon hadi leo.

Upande wa pili wa matokeo ulichukua muda kuonekana. Kwa miaka mingi vitabu vya Ulaya viliendelea kuandika "Wachina huamini" pale ambapo De Groot alikuwa ameona nyumba za matajiri wa mji mmoja wa Fujian, na wasomaji wakadhani kwamba mkulima wa mwaka 1890 alikuwa akitimiza, pasipo kujua, amri za vitabu vilivyoandikwa kabla ya Kristo.

Uchambuzi: kilichofaa

Kwanza kabisa, alikwenda. Usemi huo unaonekana mdogo, lakini wenzake wengi waliandika kuhusu dini ya China kwa kusoma tu. De Groot aliijua lugha ya wenyeji wa Amoy, akaingia nyumbani kwa wafiwa, akaona nguo za katani zilivyoshonwa kulingana na ukaribu wa undugu, akaona namna kibao cha marehemu kinavyoandikwa kikiachwa pungufu ya nukta moja, mpaka siku ya mazishi mtu mwenye cheo aiweke kwa wino mwekundu, na kuanzia hapo kikawa makao ya roho. Maelezo kama hayo hayazeeki. Watafiti waliofanya kazi Taiwan na Singapore baadaye, miongoni mwa wazao wa Wahokkien walewale, waliyakuta mengi yakifanyika kama alivyoyaandika.

Pili, hakuyapa mafundisho kipaumbele juu ya matendo. Hata katika sura ya fengshui, ambako kejeli yake inachosha, anaeleza kwamba jeneza linaweza kukaa muda mrefu bila kuzikwa kwa sababu mahali pazuri hapajapatikana, na kwamba ndugu wa tumbo moja wanaweza kugombana kwa kuwa kaburi lile lile humfaidi mmoja kuliko mwingine. Hapo kuna elimu nzima ya ukoo, mali na husuda, ingawa yeye aliiona kama upuuzi. Wanaanthropolojia wa karne ya 20 waliichukua habari hiyo wakaiacha kejeli.

Tatu, kazi yake kuhusu madhehebu ya siri ya walei wasiokula nyama, Longhua na Xiantian, ni ya thamani ya pekee. Madhehebu hayo yalipigwa marufuku na dola, na bado alieleza mikutano yao, ngazi zao za uongozi na sala zao. Kwa maoni yangu hizo ndizo kurasa bora alizopata kuandika, kwa sababu watu wale hawakuwa na kitabu cha kale cha kuwafungia ndani yake, kwa hiyo ilimbidi awaeleze kama walivyokuwa.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Kosa kubwa ni kuvunja tukio. Mazishi yana mpangilio wake, na maana ya tendo hutokana na lililotangulia, linalofuata, nani analipia na nani anatazama. De Groot alichomoa kila tendo na kulipeleka kwenye sura yake, likapata mababu wengi na kupoteza majirani. Kilio kinapofafanuliwa kwa Yili, tunajua mengi kuhusu miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita, na hatujui tena kama mkwe aliyefika jana alilia kwa namna ileile na binti wa nyumba. Nadharia ya tumaini la kufufuka inaweza kuwa kweli kwa zama za kale. Kwa familia ya Amoy iliyolikawiza jeneza, sababu iliyo karibu zaidi ni ile aliyoitaja mwenyewe jalada jingine: mahali pa kaburi bado palikuwa hapajapatikana.

Ndiyo maana nakiona kitabu cha sikukuu, kazi ya kijana mkalimani, kuwa bora kuliko majalada sita ya profesa. Kalenda ilimlazimisha aache mambo mahali watu walipoyaweka.

Mwaka 1974 mwanaanthropolojia Mwingereza Maurice Freedman alilitazama suala hili kwa jicho kali, akimlinganisha De Groot na mwanazuoni Mfaransa Marcel Granet. Granet alianza na wakulima wa kale na kusema dini ya wakubwa ilichipuka kwao. De Groot alianza na vitabu vya wakubwa na kuwaona wakulima kama waliovipotosha. Freedman alisema kwamba chini ya tofauti zote hizo ipo dini moja ya Kichina, ambayo msomi na mkulima huishiriki kila mmoja kwa namna yake, na kwamba kuuliza nani alimwambukiza nani ni kuanza vibaya.

Kosa la pili linahusu *sai kong*. De Groot aliwaweka katika ukoo mmoja na waaguzi wa kale na watu wanaopandwa na miungu, kana kwamba wote ni wafukuza pepo. Kosa hili lina utetezi wake. Maandiko matakatifu ya Kidao, yaliyochapishwa kwa amri ya dola mwaka 1445, yalikuwa yamebaki katika nakala chache mno, na yalichapishwa upya Shanghai kati ya 1923 na 1926, De Groot akiwa amekwisha fariki. Ilibidi asubiriwe Mholanzi mwingine, Kristofer Schipper, aliyekwenda Taiwan mwaka 1962, akajifunza katika mji wa Tainan kwa familia za wahudumu wa Kidao, na mwaka 1968 akawekwa wakfu kuwa mmoja wao. Schipper alionyesha kwamba wahudumu hao walirithishana hati za mkono za ibada zilizoungana moja kwa moja na maandiko yale. Hata hivyo utetezi huo una mpaka: hati za namna hiyo zilikuwa pia katika nyumba za *sai kong* wa Fujian. Mtu aliyetafuta asili ya kila kitu katika maktaba hakufikiri kwamba mhudumu wa mtaani naye anaweza kuwa na maktaba.

La tatu ni majina. Kuwaficha wafuasi wa Longhua kuliwafaa, kwa kuwa jina lingeweza kuwafikisha mbele ya hakimu. Lakini wasomi wa Kichina waliomsaidia kuyatafuta na kuyasoma maandishi mazito hawakuwa katika hatari hiyo, na kimya juu yao kinamfanya msomaji aamini kwamba Mzungu mmoja alilifahamu bahari lile la vitabu peke yake. Wakati ule ule mambo yaliweza kufanyika vingine: desturi za Waswahili zilizochapishwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903 chini ya jina la Mjerumani Carl Velten ziliandikwa kwa sehemu kubwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa upande wa Bagamoyo, kwa Kiswahili chake mwenyewe. Hata yeye alichelewa kupewa haki yake, lakini sauti yake ilikuwa imekwisha kuwekwa katika karatasi, na msomaji wa leo anaweza kumsikia. Kwa upande wa Amoy hakuna sauti ya namna hiyo.

Anayetaka kuyatumia majalada ya De Groot sasa anaweza kuyasoma kinyume na yalivyopangwa. Aanze na kitabu cha sikukuu. Kisha apite katika majalada matatu ya mazishi akichagua aya zinazosema kinachofanyika Amoy, aziondoe chini ya nukuu za vitabu vya kale, na azipange kwa saa na siku, tangu mgonjwa anapohamishiwa ukumbini hadi kibao kinaporudishwa nyumbani kutoka kaburini. Ataona mapengo mengi, hasa kuhusu wanawake na kuhusu fukara, lakini pia ataona kwamba sehemu kubwa ya mazishi yale bado imo humo, ikiwa imetawanyika.